Mawe hai ya kufugwa ya Florida: lipia safari, usilipie rangi

Nianze na hukumu yangu, asiye na muda apate cha kuondoka nacho. Kama unaishi Marekani na unataka kuanzisha tangi la maji ya chumvi nyumbani, nunua mawe hai yaliyofugwa baharini Florida, tena kwa muuzaji anayeyasafirisha yakiwa yamezama majini. Bei yake inauma. Ni mazito. Yanakuja na wageni usiowaalika. Lakini kati ya aina tatu za mawe nilizowahi kuziweka tangini, haya ndiyo pekee yaliyonipa kile nilichokuwa nakilipia, nacho ni uhai.

Mimi ni mzaliwa wa Kisiwa cha Mafia, naishi Columbus, Ohio, ambako ukitaka kuiona bahari unaendesha gari kutwa nzima. Tangi langu ni la galoni 40, kama lita 150, liko sebuleni, na wakazi wake wakuu ni samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wale wanaopenda kukaa na anemoni, mnyama wa baharini anayefanana na ua. Maji nachanganya mwenyewe: maji yaliyochujwa hadi yakabaki matupu, chumvi ya akwaria, gramu 35 kwa kila lita kwa makisio, halafu nahakikisha kwa refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, kwamba uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu uko kwenye 1.025. Joto nyuzi 25 na nusu. Nayataja haya mapema kwa sababu jiwe hai likiingia kwenye maji yaliyopotoka hata muuzaji mwaminifu hatakuokoa.

Jiwe hai ni kipande cha mwamba wa chokaa chenye matundu na vinyweleo, kilichokaa baharini muda wa kutosha hadi kikawa makazi. Nje kimetandwa na mwani mgumu wa zambarau na waridi, sifongo, minyoo, konokono. Kusikoonekana kuna bakteria, na hao ndio wenye kazi. Samaki anakula, anakunya. Kinyesi na mabaki ya chakula vinatoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Bakteria wanaokaa juu ya jiwe, penye oksijeni, wanaigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni hatari, kisha nitriti inakuwa nitrati, ambayo samaki wengi wanaivumilia kwa kiasi. Ndani zaidi ya vinyweleo, oksijeni inakoishia, kuna bakteria wengine wanaoimaliza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni, ikapotelea hewani. Lee Chin Eng wa Jakarta alikwishaeleza mwaka 1961 jinsi alivyofuga samaki na matumbawe kwa mawe ya baharini na mapovu ya hewa, bila mitambo mikubwa. Baadaye wafugaji wa Berlin, Ujerumani, wakaunganisha mawe hai na skima, kile chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu. Mpaka leo mtindo huo unaitwa wa Berlin, na ndio ninaoutumia.

Mawe yangu ya kwanza yalikuwa makavu. Haya mengine huchimbwa nchi kavu, mengine hutengenezwa kiwandani na kupakwa zambarau. Sina ugomvi nayo. Bei ni karibu nusu, unaweza kuyavunja kwa patasi na kuyagundisha ukapata umbo unalolitaka, na hakuna kaa aliyejificha ndani. Bakteria unawanunua kwenye chupa. Baada ya hapo ni subira: kwanza utando wa kahawia, halafu mwani wa kijani wa nyuzinyuzi, halafu utando mwekundu, kila mmoja unakuja kwa zamu yake. Miezi mingi tangi lilikuwa safi kwenye vipimo na tupu kwa macho. Amonia sifuri, nitriti sifuri, na hakuna kilichotambaa. Kwa mtu anayetaka samaki watatu na mandhari nadhifu, mawe makavu yanatosha kabisa. Ila akuuziaye yaliyotoka kwenye tangi la mtu mwingine muulize yalikaa na nini, maana jiwe linanyonya fosfeti kisha linaitema polepole, na fosfeti ndiyo chakula cha mwani.

Aina ya pili niliyapata katika duka moja la mjini. Duka silitaji. Yalikuwa yamefika kwa ndege kutoka ng'ambo, yamefungwa kwenye magazeti yaliyoloweshwa, yakalala makashani siku kadhaa. Nikaambiwa yameshatulia, ni kuweka tangini tu. Nilipofungua kasha, harufu ya yai viza ikajaa kwenye gari. Nyumbani niliyaweka kwenye pipa la pembeni lenye pampu na hita, nikapima amonia: kipimo kikagonga rangi ya mwisho kabisa ya karatasi yake. Kila siku nilikuwa nachomoa nyama nyeupe ya sifongo iliyooza na kubadilisha maji, na wiki zilipita kabla amonia haijashuka. Baada ya hapo nilikuwa na mawe mazuri, mepesi, yenye vinyweleo vingi kuliko hata ya Florida. Lakini uhai uliokuwa juu yake ulikuwa umekufa kwenye magazeti. Nililipa bei ya jiwe hai nikapata jiwe kavu lenye bakteria. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ndipo nikaagiza Florida. Kwanza habari yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyonivutia. Zamani mawe hai ya Florida yalikuwa yakivunjwa kwenye miamba ya asili. Jimbo likakataza kwenye maji yake, serikali kuu ikafuata, na kufikia mwaka 1997 uvunaji wa mawe ya asili ukawa umefungwa hata kwenye maji ya serikali kuu. Kilichoruhusiwa ni ufugaji. Mfugaji anapewa kipande cha sakafu ya bahari kwa leseni, anachimba au kununua mawe ya chokaa nchi kavu, anayapakia kwenye jahazi na kuyamwaga pale. Mawe sharti yaweze kutofautishwa na yale ya asili, mkaguzi asidanganyike. Kisha yanaachwa mwaka, miwili, na zaidi, bahari ifanye kazi yake, ndipo wapiga mbizi wanakwenda kuyachagua moja moja. Aliyewahi kuwaona akina mama wa Paje na Jambiani wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba na kusubiri maji yafanye yaliyobaki ataielewa biashara hii mara moja. Wafugaji wenyewe ni wachache, na bei zao hazipishani sana: karibu dola 10 kwa ratili, na nauli ya ndege juu yake, ambayo kwa mzigo mdogo inaweza kukaribia bei ya mawe.

Nauli ni kubwa kwa sababu unasafirisha maji. Mawe yanatoka baharini au kwenye matangi ya mfugaji, yanaingia kwenye mifuko iliyojaa maji ya bahari, mifuko inaingia kwenye makasha, makasha yanapanda ndege siku hiyohiyo. Nilikwenda kuyachukua kaunta ya mizigo uwanja wa ndege jioni. Kijana wa kaunta aliniuliza, "Ndani kuna nini, mbona kinasukasuka?" Nikamwambia mawe. Akanitazama, akanisaidia kuyabeba hadi garini.

Nilipokata mfuko wa kwanza, kilichonipokea ni harufu ya pwani maji yakiwa yamekupwa, harufu safi ya chumvi na mwani. Jiwe la juu lilikuwa na ukubwa wa kichwa cha mtoto. Upande mmoja sifongo ya rangi ya chungwa, imesimama, haijalegea. Upande mwingine vichaza vidogo vimejibanza, na nilipolishusha tangini vikafumba vyote kwa mpigo. Kwenye ufa mmoja mkono mwembamba wa kiti cha pweza ukachungulia, ukagusa kioo, ukarudi ndani. Vitumbawe viwili vya kahawia, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba, vilikuwa vimeota venyewe kwenye kivuli chini ya jiwe. Nilimpigia mama simu ya video. Yeye ni mtu wa Jibondo, kakulia kwenye miamba akitafuta pweza. Baada ya shikamoo na marahaba alitazama kimya kidogo, akasema, "Mwanangu, hicho kiti cha pweza kidogo mno. Usikiguseguse, kipe nafasi kikue." Kimekua.

Amonia? Ilipanda kidogo, kiasi cha kuonekana tu kwenye kipimo, ikakaa siku chache, ikashuka. Nitriti karibu haikuonekana. Hilo ndilo jambo ambalo fedha yangu ilinunua, na ndilo ninalotaka lieleweke. Jiwe linalosafiri majini halifi njiani, na lisipokufa haliozi, na lisipooza halimwagi amonia. Karatasi na mifuko ya maji ndizo zinazopambanua jiwe hai na jiwe linaloitwa hai. Ukimpigia muuzaji simu, swali lako la kwanza liwe: mawe yametoka baharini lini, na yatafika kwangu yakiwa ndani ya nini? Akijibu kwa kukusifia rangi, kata simu.

Rangi ndiyo inayowaponza wengi. Zambarau iliyokolea sawasawa jiwe zima ni rangi ya kiwandani. Mwani mgumu ulio hai hauwi wa rangi moja: pengine waridi, pengine damu ya mzee, pengine umepauka, na kingo zake zina ukanda mweupe mwembamba unakoongezekea. Zaidi ya hayo, rangi hiyo itakuja yenyewe hata kwenye jiwe jeupe, ukiwa na jiwe moja tu la mbegu, mradi kalsiamu iwe baina ya miligramu 400 na 450 kwa lita na alkalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, isiyumbeyumbe. Mimi naiweka kwenye 8 hadi 9 kwa kipimo cha dKH. Kwenye vioo vyangu imeenea hadi nakwangua kwa wembe.

Sasa kasoro, maana zipo. Ya kwanza ni uzito. Mawe ya Florida yameshikana kuliko yale ya Bahari ya Pasifiki. Kanuni iliyozoeleka ni ratili moja hadi mbili kwa galoni, yaani kwa tangi langu kilo 18 hadi 36. Kwa mawe ya Florida kilo 18 zilionekana chache machoni, na kwa kuwa vinyweleo ni vichache, uwezo wa kumaliza nitrati nao ni mdogo. Nimechanganya na yale mepesi niliyoyasafisha kwenye pipa, na mchanganyiko huo umenikaa vizuri: mepesi chini na katikati, ya Florida juu kwenye mwanga na mkondo. Usitarajie kuyapata mapya ya Fiji kama zamani, nchi ile ilisimamisha usafirishaji wa mawe hai na matumbawe mwishoni mwa 2017.

Ya pili ni wageni. Usiku wa kwanza nilisikia mlio, tak, kama ukucha unaogonga kioo. Nilifunika tochi kwa karatasi nyekundu, kwa sababu viumbe wengi wa baharini mwanga mwekundu hauwashtui sana, nikakaa kitini mbele ya tangi. Kaa mweusi mwenye nywele miguuni alitoka, akatembea hadi kwenye konokono, akaanza kumgeuza. Na kwenye tundu la jiwe la kati, macho mawili juu ya vijiti, yakizunguka kila moja upande wake: yule kamba mwenye mikono ya kukunja, kamba vunjajungu. Huyu ni mwuaji wa samaki na konokono. Kesho yake nililitoa jiwe lile peke yake, nikaliinamisha dakika chache kwenye ndoo yenye maji ya chumvi kuzidi kidogo ya tangi, na wote wawili wakatoka wenyewe wakaanguka kwenye ndoo. Nawafuga kwenye tangi dogo la pembeni. Ukiwa na sifongo kwenye jiwe fanya hivyo upande wa chini tu, na usiliinue likakaa hewani, maana sifongo ikiingiwa na hewa hufa.

Minyoo yenye miiba midogo pembeni usiihangaikie. Inatisha, inawasha ukiishika kwa mkono mtupu, lakini ndiyo inayofagia mabaki ya chakula mchangani. Wa kuwahi ni anemoni mdogo wa kahawia, aiptasia. Usimkate wala usimkwangue, kila kipande kinakuwa anemoni mpya. Kuna kamba wadogo wenye mistari myekundu, Lysmata wurdemanni, wanaomla, na hao nao ni wenyeji wa Florida. Wanne walimaliza waliokuwa kwangu.

La tatu ni ugavi. Msimu wa vimbunga huko ni Juni hadi Novemba, na dhoruba ikichafua bahari wapiga mbizi hawaingii. Agizo langu lilisogezwa mbele kwa sababu hiyo. Mfugaji alinipigia mwenyewe kuniambia, na fedha alikuwa hajachukua. Nampa heshima yake kwa hilo.

Kuyapanga tangini nitasema kwa kifupi. Mawe ya chini yakalie kioo, mchanga uje baadaye, vinginevyo samaki mchimbaji atayaangusha. Acha nafasi nyuma ili maji yapite na mkono wako uingie. Usijenge ukuta, jenga milango: mapango, matao, njia za kupenya. Pampu ya mkondo iyapige mawe kwa zamu na si kuyachoma mahali pamoja. Na kama tangi tayari lina samaki, usimwage mawe mapya yote kwa mara moja hata yawe yametoka baharini asubuhi ya leo. Pipa la pembeni kwanza, kipimo kikisoma sifuri ndipo yaingie.

Jambo moja sitalifupisha. Usichemshe jiwe hai kwa nia ya kulisafisha. Baadhi ya viumbe wanaoota juu ya mawe, hasa jamaa ya Palythoa, vijinyama laini vinavyofanana na anemoni wadogo, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote za asili, na mvuke au vitone vyake vikivutwa vinaangusha watu. Familia zimelazwa hospitali Marekani na Uingereza kwa kuchemsha au kusugua mawe ya tangini. Vaa glavu, linda macho, na jiwe usilolitaka liache likauke nje mbali na watoto, si jikoni.

Kuna ndugu zangu wa Dar, Unguja na Mombasa watakaoniuliza kwa nini ninunue jiwe kwa dola ilhali kwetu yamejaa. Yamejaa kwa sababu hatujayamaliza. Nimekulia nikiona matumbawe yakipangwa kwenye tanuri kuchomwa chokaa, na najua mwamba uliovunjwa unavyobaki kifusi, na changu na tasi wanavyohama. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, kwa sababu watu waliiona hasara hiyo. Ndani ya hifadhi kung'oa jiwe ni kosa, na hata nje ya hifadhi matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kipande kilichofichwa begini bila kibali kinaweza kukufikisha pabaya uwanja wa ndege wowote. Ukitaka tangi ukiwa Pwani, tumia mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu, yaleyale yanayojengea nyumba, ambayo mababu waliyajengea Kua kule Juani. Chagua yasiyo na saruji wala rangi, uyaloweke kwenye maji matamu ukiyabadilisha mpaka yasitoe vumbi, kisha maji ya chumvi na bakteria. Wafugaji wa Florida nao wanaanza na jiwe la nchi kavu. Tofauti ni kwamba wao wana leseni ya kulirudisha baharini, na natamani siku moja kijana wa Mafia awe nayo.

Alama zangu: mawe makavu ya kiwandani, nyota 3 kati ya 5, kwa bei na usalama. Mawe ya kwenye magazeti, nyota 1, na hiyo ni kwa ajili ya vinyweleo vyake. Mawe ya kufugwa ya Florida yaliyosafiri majini, nyota 4 na nusu, na nusu iliyopotea ni ya uzito. Nitaagiza tena Aprili, ukali wa baridi ya Ohio ukishaondoka na makasha yasilale kwenye ghala lenye barafu, safari hii mawe mapana ya kuwekea matumbawe, na nimeshamwomba mfugaji anichagulie yenye sifongo ya manjano.